Nyumba ya Mwinjilisti

"Ukishaizima hii mashine, nyumba yangu inabaki wapi?"

Mwinjilisti aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, mvua ya Bukoba ikimsubiri nje. Mimi nilikuwa binti mwenye shahada. Nilikuwa nimesoma falsafa Dar es Salaam, nimewabana wahadhiri kuhusu kuwepo kwa Mungu, kuwepo kwa meza, na siku moja kuhusu kuwepo kwa mhadhiri mwenyewe, ambaye alinipa alama za chini kuthibitisha kwamba yupo. Sasa nikafungua kinywa kumjibu mzee wa Kilutheri kuhusu nyumba iliyo ndani ya gemu, na hakikutoka kitu cha maana. Nilisema jambo fulani kuhusu diski na umeme. Akanisikiliza kwa adabu, kama alivyokuwa akiwasikiliza walevi.

"Kwa hiyo hujui," akasema. Akavaa kofia, akaenda zake.

Namwita Mwinjilisti kwa sababu kila mtu alimwita hivyo, hata mkewe, hata alipokuwa amestaafu na usharika umepata mwinjilisti mwingine, kijana mwenye pikipiki. Alikaa mtaa wa Bakoba, hapohapo mjini, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Nondo zilichomoza juu ya ukuta wa nyuma, mahali ambapo chumba cha tatu kilikuwa kimeanzwa kabla ya vita na hakikuendelea. Mkewe alianikia kanga kwenye nondo hizo. Alisema ndizo kamba za nguo imara kuliko zote Bukoba.

Mimi nilikuwa na chumba kimoja barabara ya kwenda sokoni. Nilipangishiwa na mzee wa Kihindi, wa mwisho katika familia yake aliyekuwa bado anauza vitambaa hapo mjini. Ndani kulikuwa na kompyuta mbili. Moja aliiacha mjukuu wa mzee huyo alipokwenda kusoma ng'ambo, na ndani yake aliacha gemu la mashujaa, mazimwi na wachawi. Nje nilikuwa nimebandika tangazo la mafunzo ya kompyuta. Nilikuwa nangoja kazi inayolingana na akili zangu, na kazi hiyo ilikuwa inachelewa.

Mwinjilisti alikuja kujifunza kuchapa taarifa za usharika, kazi aliyobaki nayo hata baada ya kustaafu. Alichapa kwa kidole kimoja, kilekile alichokuwa akikinyoosha mimbarani, na kila herufi ilipigwa kana kwamba imetenda dhambi. Siku moja alifika mapema akanikuta nikicheza.

"Huyo ni nani?"

"Ni mimi, Mwinjilisti. Ni shujaa."

"Unafanya nini?"

"Naua zimwi."

"Limekukosea nini?"

Nilitafuta kosa la zimwi, sikuliona. Yeye alikuwa tayari anatazama pembeni, kwenye kibanda kidogo cha mawe chini ya kilima. Nikamweleza kwamba hicho ni nyumba yangu, nimepewa na mfalme. Akauliza kama shujaa mzima anakaa chumba kimoja. Nikasema nyumba inaongezwa: ukileta mbao, mawe na misumari, fundi wa kijijini anakuongezea upande wowote unaotaka.

"Fundi anakuja siku uliyomwita?"

"Anakuja palepale."

Akavuta kiti.

Ili mtu aelewe kiti kile kilivutwa kwa nini, lazima niseme lililokuwa limempata. Binti yake aliolewa Kimwani, kule Muleba. Mume alitangulia kufa, yeye akafuata. Hakuna aliyetaja ugonjwa kwa jina, na hakuna aliyehitaji kutajiwa. Nilipokuwa mdogo watu waliuita Juliana, kama vile vitambaa vilivyokuja vikivushwa mpakani, na nadhani nusu ya darasa letu la shule ya msingi lililelewa na bibi. Waliachwa watoto wanne. Kabla majani yaliyotandikwa msibani hayajakauka, wazee wa ukoo wa baba walikuwa wameshawagawa: mmoja abaki Kimwani kwa baba mdogo, mmoja aende Biharamulo, mmoja Mwanza kwa ndugu ambaye watoto hawakuwahi kumwona, na yule mdogo akae na Mwinjilisti, babu yake, kwa muda.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Babu mzaa mama ni mgeni wa heshima. Anapewa kiti kizuri na hasikilizwi. Mwinjilisti aliwaambia wazee anawataka wote wanne, pamoja. Wakamuuliza neno moja: utawalaza wapi? Wote walijua zile nondo. Wakampa hadi baada ya msimu wa kahawa, arudi na jibu.

Haya yote alinieleza mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye kioo, huku shujaa wake akikata mti.

Nilimwona anakimbia ukweli. Nilikuwa na nadharia juu ya jambo hilo, na niliwaeleza rafiki zangu kwenye chai, nikitumia maneno ambayo sasa yananipa aibu hata nikiwa peke yangu. Nilisema mzee yule anaomboleza kwa njia ya mbao. Rafiki mmoja, mwalimu wa hisabati, akaniuliza, "Na wewe unayeua mazimwi kutwa, unaomboleza nini?" Nikabadilisha mazungumzo.

Sijapata kuona mtu akicheza kama yeye. Gemu lile lilitengenezwa ili mtu apigane, na nyumba iliwekwa tu kama mahali pa kuhifadhi panga. Mwinjilisti aliuza upanga siku ya kwanza akanunua shoka. Hakutaka uchawi. Mchawi mwema alipomtokea njiani na kutaka kumfundisha kuwasha moto kwa mkono, alinigeukia: "Mwambie nina kiberiti." Mbwamwitu walipokuja, alikimbia, na alikuwa hodari wa kukimbia. Katika ufalme ule wote hapakuwa na shujaa mwingine ambaye hajaua hata nyoka na ana ghala la mbao.

Nyumba ikaanza kuongezeka. Alipinga kwanza jiko kuwa ndani, akasema moshi utawaua. Nilipomwambia moshi wa gemu hauui, akasema wajenzi wote huzungumza hivyo. Gemu halikuwa na jiko la nje, basi akajenga chumba cha mwisho kabisa nyuma, akakiacha bila kitanda, akakiita jiko. Upande wa silaha, ambao mimi niliutamani tangu nianze kucheza, aliujenga, akauondolea ngao na mikuki, akaweka vitanda viwili vya wasichana. Chumba cha wavulana akakiweka karibu na mlango mkubwa. Chumba chake na mkewe akakiweka katikati, ili mtoto yeyote akitoka usiku, mmoja wao asikie. Maktaba niliitetea sana. Akaniruhusu rafu moja.

"Na ghorofa?" nikamuuliza. "Unaweza kujenga mnara. Kutoka juu unaona ufalme wote."

"Magoti ya mke wangu unayajua."

"Mwinjilisti, Mama hataishi humu."

Aliacha kukata mti akanitazama, bila hasira. "Wewe umesoma sana," akasema, "lakini unapangia watu mahali pa kuishi kabla hujawauliza."

Mnara haukujengwa.

Mkewe alikuja mara moja kumtafuta. Alisimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni, akaangalia mumewe akipigilia misumari ya hewa. "Waitu," akasema kwa ile sauti ya heshima ambayo wanawake wa kwetu huitumia wakiwa wamekasirika, "kwenye nyumba yako ya kule umejenga mara ngapi tangu tuoane?"

"Hapa fundi haniibii saruji."

"Na wewe, mwana wange," akanigeukia mimi, "ndiyo elimu hii?"

Lakini niliona alivyochungulia chumba cha katikati kabla hajaondoka, na akauliza kwa sauti ya chini kama dirisha lile halitaingiza mvua.

Kuhusu ukweli, Mwinjilisti alikuwa mtu wa kuchosha. Kompyuta ilipomuuliza kama amesoma na kukubali masharti, alikataa kubofya kwa kuwa hakuwa ameyasoma. Nilimsomea yote kwa Kiswahili, asubuhi nzima, na mwisho akasema sharti moja halipendi. Mtu akimuuliza hali, hakujibu "nzuri" kama haikuwa nzuri. Watu wa Bakoba waliacha kumuuliza.

Wakati wa vita, Mwinjilisti alipokuwa kijana bado, mzee wangu wa Kihindi alimwachia ufunguo wa duka. Mabomu yalisikika kutoka ng'ambo ya mto na watu walikuwa wanakimbilia kusini na magodoro kichwani. Yeye mwenyewe alikimbia na mkewe hadi Muleba, ufunguo ukiwa shingoni kwa kamba. Waliporudi, alifungua duka mbele ya mwenyewe. Ndani kila kitu kilikuwepo isipokuwa pakiti moja ya biskuti, na hiyo Mwinjilisti alikiri papo hapo kwamba aliichukua siku anafunga duka, kwa ajili ya mtoto wake mchanga njiani. Mzee wa Kihindi alinisimulia hadithi hiyo kila mwisho wa mwezi nilipomwomba anivumilie kodi. Nadhani alitaka nijifunze kitu. Nilichojifunza ni kwamba biskuti zile zilijulikana hadi Kimwani.

Ndiyo maana nilifurahi kila nilipomkamata. Alihubiri dhidi ya pombe, na alikunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilimkuta na kibuyu msibani, nikamkumbusha mahubiri yake.

"Hii ni maji ya ndizi," akasema.

"Imekaa siku ngapi?"

"Imesubiri kidogo. Hata mimi nimesubiri, sijawa pombe."

Nilimkamata tena siku ya wanyang'anyi. Katika gemu kulikuwa na genge lililokaa kwenye njia ya msituni na kuwapora wapita njia. Mara mbili walimpora mbao za chumba cha wavulana. Mara ya tatu niliona bega lake limepanda. Alishika shoka. Nilimwacha na kwenda kununua karanga, na niliporudi genge zima lilikuwa chini na yeye amekaa, mikono juu ya mapaja.

"Umewaua wote?"

"Walikuwa kwenye njia."

"Mwinjilisti, zimwi uliliuliza limekosa nini. Hawa je?"

Akatoa mfukoni buni zake, zile zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo wazee wetu humpa mgeni atafune. Akanipa mbili. Hakuwahi kunipa zaidi ya moja. "Usimwambie Mchungaji," akasema.

Mimi naye tulibishana kwa msimu mzima. Nilimuuliza Mungu mwema anawezaje kuzika wazazi na kubakiza watoto. Nilikuwa nimeliandaa swali hilo tangu chuo, lina sehemu tatu, na nilimpa zote. Alisema, "Hilo namuuliza kila siku. Akinijibu nitakuletea." Kisha akauliza lile lake: mashine ikizimwa, nyumba iko wapi? Alilirudia kila jioni nilipokuwa nafunga chumba. Nilijaribu kila namna. Nikasema nyumba haipo, ni picha tu. Akasema lakini kesho ataikuta ilivyo, hata ufagio pale alipouacha, na kisichokuwepo hakihifadhi ufagio. Nikasema ipo akilini mwetu. Akasema akili yake inasahau na nyumba haisahau. Umeme ulipokatika kabla hajasevu na chumba kimoja kikapotea, alisema hiyo nayo ni dalili, maana kisichokuwepo hakipotei.

Nilichoka. Jioni moja, nikiwa na funguo mkononi na njaa tumboni, nilipiga kofi juu ya lile sanduku la kompyuta. "Iko hapa, Mwinjilisti. Ndani ya hili sanduku. Iko Bukoba, barabara ya kwenda sokoni, na haiendi popote."

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Kama mtu aliyesoma?"

"Kama mtu aliyesoma."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepimiwa kiwanja na mipaka ikaonekana. Hakuniuliza tena. Nilijiona nimeshinda.

Kahawa ikavunwa, ikaanikwa, ikauzwa. Yeye alikuwa na vyumba saba na hakuna hata tofali moja jipya Bakoba. Kibanja chake kilikuwa kimeliwa na mnyauko, na kahawa aliyopata ilimalizwa na madeni ya msibani. Siku aliyopanda basi la Muleba nilimsindikiza stendi. Alivaa koti la mazishi. Nilikuwa na hakika atarudi na yule mdogo peke yake, na niliandaa maneno ya kumfariji, tena mengine yalikuwa mazuri.

Alirudi na wanne.

Waliteremka kwenye basi wakiwa wameshikana mikono kama mnyororo, Koku, yule mkubwa, mbele na mkungu wa ndizi kichwani. Nilimuuliza Mwinjilisti amewaambia nini wazee.

"Waliuliza, nikajibu."

"Ukajibu nini?"

"Ukweli."

Kisha akafanya jambo ambalo nilidhani ni uchovu wa safari. Hakuwapeleka nyumbani kwanza. Aliwaleta moja kwa moja chumbani kwangu, na vumbi lao, na mkungu wao, akaniomba niwashe mashine. Aliwapanga mbele ya kioo. Akamwingiza shujaa kwa mlango mkubwa, akawapitisha chumba kwa chumba: hapa wavulana, hapa mimi na bibi yenu, hapa wasichana, Koku kitanda chako ni hiki cha ukutani. Akamtaka kila mmoja aguse kioo palipo na kitanda chake. Mdogo hakufikia, akambeba.

"Mmeona?"

"Tumeona, Babu."

"Basi tumetimiza. Twendeni tukalale."

Wakaenda Bakoba, wakalala sebuleni. Bibi alikuwa amekata majani mabichi kule rweya, uwandani, akayatandika sakafu nzima, na mikeka juu yake. Walilala hapo miaka yote ya shule. Mwinjilisti hakurudi tena kucheza. Mimi nilimalizia gemu peke yangu, nikaua kila kilichohitaji kuuawa, na jioni nilikuwa namlaza shujaa wangu katika kile kitanda cha ukutani kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na rafu ya vitabu. Mara ya kwanza niliomba ruhusa kwa sauti. Sijui nilikuwa namwomba nani; kwa imani yangu, hapakuwa na mtu.

Nilimwona Mwinjilisti kwa mara ya mwisho baada ya miaka mingi. Dawa zilikuwa zimeshafika wilayani na misiba ilikuwa imeanza kupeana nafasi. Mimi nilikuwa nimepata kazi Dar, isiyolingana na akili zangu kwa upande ambao sikuutarajia: ilizizidi. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, blanketi magotini. Kanga bado zilining'inia kwenye nondo.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba. Umeshapata jibu la Mungu?"

"Bado."

"Hata mimi." Akaninyooshea buni moja. Tukatafuna. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia jirani wa zamani, "Ile nyumba ipo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Mashine ilikuwa imekufa. Radi ilipiga mjini, ikaiunguza pamoja na redio ya mzee wa Kihindi, na nilikuwa nimeitoa kwa fundi achukue vyuma. Nilifikiria kumwambia ipo. Lakini huyu ndiye mtu aliyekiri biskuti.

"Iliungua, Mwinjilisti. Hakuna kilichookolewa."

Ndani, mmoja wa wavulana, sasa ana ndevu, alikuwa anamsomea bibi barua ya dada yake.

"Hakukuwa na mtu ndani?"

"Hakukuwa na mtu."

"Basi si neno," akasema. "Sisi tulikuwa tumeshahama."

Alifariki mwaka uliofuata, na sikuwahi kufika kumzika. Yaliyosemwa Kimwani nimeyajua majuzi tu, jikoni kwa Koku, ambaye sasa ni muuguzi Muleba na ana nyumba yenye chumba kimoja zaidi ya anachohitaji. Alikuwa anamenya ndizi. Nilimuuliza kwa mzaha babu yake aliwalisha wazee wale dawa gani.

Koku alikuwepo siku ile. Watoto walikaa pembeni, kwenye majani. Wazee wakauliza utawalaza wapi, na babu yake akasimama na koti lake la mazishi, akawajengea nyumba kwa mdomo: mlango mkubwa na chumba cha wavulana kando yake, chumba cha wasichana na vitanda viwili, jiko nyuma ili moshi usiingie, hakuna ngazi kwa sababu ya magoti ya mkewe, vyumba saba, cha mwisho nimekiezeka juzi, nimekata mbao mwenyewe, na nitawaonyesha watoto vitanda vyao leo hii tukifika. Hakuna aliyewaza kwenda kuikagua nyumba ya mtu wa biskuti. Mmoja tu, baba mdogo, ndiye aliyeuliza iko wapi, mbona hajawahi kuisikia.

"Iko Bukoba, barabara ya kwenda sokoni," babu yake akajibu. "Hata mimi nilikuwa na mashaka. Nikamuuliza binti mmoja pale, akanihakikishia."

Baba mdogo akauliza binti huyo ni nani hata aaminiwe. Koku anasema hapo ndipo wazee walipomaliza kikao: waliposikia kwamba nimesoma chuo kikuu.